Ngitili

Ngitili ni eneo la malisho na miti ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi kinapobana. Likiwa limefungwa, haingii ng'ombe. Siku ya kufunguliwa hutangulizwa maksai wa kulimia, ndama na mifugo dhaifu. Kuna ngitili za kaya na kuna za kijiji kizima.

Anayeuliza kama binadamu anaweza kuishi bila kuimaliza ardhi aanzie Shinyanga, Tanzania, kwa Wasukuma hao, maana huko ardhi iliyokwisha chakaa ilirudi. Serikali ya kikoloni ilifyeka mapori ili kuwatokomeza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakasogea. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamishia watu katika vijiji vipya, na ngitili nyingi zikabaki bila mwenyewe. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikwisha kuitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Mwanzoni ulitilia mkazo vitalu na miche, mingi ikiwa ya kigeni, na mwitikio ukawa hafifu. Mambo yalibadilika wataalamu walipogeukia desturi ya wenyeji, yaani ngitili. Chini ya udongo ule mkavu, visiki na mizizi ya migunga vilikuwa hai bado. Vikiepushwa na mifugo na shoka, vinachipua vyenyewe. Dagashida, yaani baraza la jadi, lilipanga kanuni, sungusungu, yaani walinzi wa jadi, wakazisimamia, na aliyeingiza ng'ombe kwa siri alitozwa faini. Ngitili zilizokadiriwa kuwa hekta 600 mwaka 1986 zilikuwa zimevuka hekta 300,000 mradi ulipomalizika mwaka 2004, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni, asali, uyoga, dawa na nyasi za kuezekea vikapatikana tena karibu na nyumbani, na wanawake wakapunguziwa safari ndefu za kuni.

Mafanikio hayo hayajajihakikishia kesho. Biashara ya mkaa inakata miti, urithi unaimegamega ngitili ya kaya, na za kijiji zinanyemelewa na wenye makundi makubwa ya ng'ombe. Miche haikosekani, kinachokosekana mara nyingi ni haki ya ardhi iliyoandikwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji uwezo wa kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja. Kijiji ambacho hakijaiingiza ngitili yake katika mpango wa matumizi ya ardhi kifanye hivyo sasa, kabla haijagawanywa.