Matumbawe ya Bibi Thynne

Rafiki yangu alipotaka kufuga matumbawe sebuleni mwake, aliniuliza aanze na aina gani. Kabla ya kumjibu nilimsimulia habari za Bibi Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster Abbey, London, aliyelikabili swali hilo wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

Mwaka 1846 Bibi huyo alikuwa Torquay, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza. Huko alipata matumbawe hai, akaazimia kurudi nayo nyumbani. Ili yasigongane njiani aliyashona kwa sindano na uzi juu ya sifongo kubwa, akayatia katika mtungi wa maji ya bahari. Alipofika aliyahamishia katika mabakuli ya kioo. Lakini London haina bahari, na maji aliyokuja nayo yalikuwa machache. Basi maji yaliyochoka hayakumwagwa: yalimiminwa kutoka chombo hiki hadi kile mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa au zaidi, mpaka yapate hewa, kisha yakatumika tena. Kazi hiyo aliifanya msichana mtumishi. Bibi aliandika kwamba msichana aliiona kama mchezo. Mimi ningependa kumsikia msichana mwenyewe.

Mwaka 1847 aliongeza mwani, ambao penye mwanga huyapa maji oksijeni, na matumbawe yakaishi karibu miaka mitatu. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1859.

Ustadi wake haukanushiki, ila nadhani bahati ilimsaidia zaidi. Matumbawe yale ni ya bahari ya baridi: kila mnyama hukaa peke yake katika kikombe chake cha chokaa, hula vijidudu vinavyomfikia, wala hahitaji jua. Haya yetu ya Bahari ya Hindi, yajengayo miamba, yana mwani mdogo mno ndani ya miili yao, nao ndio unaoyapa sehemu kubwa ya chakula kwa nguvu ya mwanga. Angalipelekewa tumbawe la matawi kutoka Mafia, baridi na giza la London vingalilifanya jiwe jeupe baada ya majuma machache. Ufugaji wa viumbe wa miamba ya joto ulichukua zaidi ya miaka mia moja kueleweka. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza njia yake: mawe hai, maji ya bahari, jua na mapovu ya hewa.

Kwa hiyo nilimwambia rafiki yangu atazame taa zake kwanza. Matumbawe ya uyoga na yale laini kama ngozi huvumilia mwanga wa wastani, na makosa ya mwanafunzi pia. Ya matawi ayaache. Nikamsihi anunue vipande vilivyokuzwa tangini, si vilivyong'olewa mwambani. Maana Philip Henry Gosse, ambaye kitabu chake cha 1854 kiliwatia Waingereza wengi hamu ya kufuga viumbe wa baharini, aliishi kuona wakusanyaji wakivimaliza vidimbwi vya miambani alivyovipenda. Mwanawe Edmund aliandika mwaka 1907 jinsi jambo hilo lilivyomhuzunisha.

Rafiki yangu amenunua vipande viwili vya uyoga. Maji anayachanganya mwenyewe kwa chumvi ya dukani, na kazi ya yule msichana inafanywa na pampu.