Jina la Kitawala: lakabu, dini na heshima katika historia ya Kongo

1. Suala

Dini nyingi zina majina mawili: lile ambalo waumini hujiita wenyewe, na lile ambalo majirani au serikali huwapachika. Hili la pili kwa kawaida ni fupi, halimo katika hati za kanisa, na mara nyingi huhesabiwa kuwa dharau. Je, lakabu ya namna hiyo ni tusi siku zote? Historia ya neno Kitawala yaonyesha kwamba jibu halimo katika neno peke yake, bali katika kazi ambayo neno limefanyishwa.

2. Asili ya neno

Mwaka 1879 Charles Taze Russell alianzisha huko Marekani gazeti lililojulikana kwa jina la Watch Tower, yaani Mnara wa Mlinzi. Mafundisho yake yalifika Nyasaland, leo Malawi, ambako Elliot Kamwana aliyahubiri kwa nguvu mwaka 1908. Kutoka huko yalienea Rhodesia ya Kaskazini, kisha yakaingia Katanga. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alivuka mpaka akihubiri na kuwaua watu aliowashitaki uchawi; alinyongwa Rhodesia mwaka 1926. Tangu hapo jina la mafundisho hayo lilitajwa kwa hofu.

Kiisimu, safari ya neno ni nyepesi kufuatwa. Lugha nyingi za eneo hilo hazitofautishi r na l, na silabi zake huishia kwa irabu. Hivyo tower ikawa tawala. Kiambishi ki-, ambacho upande wa kusini hutamkwa chi-, kiliongezwa kwa maana ya «namna ya». Kufikia hapo hakuna tusi lolote. Lakini asikiaye Kiswahili hawezi kukikwepa kitenzi kutawala. Kwa kuwa wahubiri wengi walitangaza kwamba mamlaka ya wageni yanakaribia mwisho, sadfa hii ya sauti iligeuka kuwa maana: Kitawala ikasikika kuwa dini ya watu watakao kutawala.

3. Neno mikononi mwa serikali

Serikali ya Wabelgiji ilipiga Kitawala marufuku katika Katanga mwaka 1937, na majimbo mengine yakafuata. Mwaka 1944 uasi ulioongozwa na Bushiri Lungundu ulizuka Masisi na Lubutu, ukazimwa kwa silaha. Tangu hapo jina lilitosha kuwa shitaka. Aliyeitwa Mtawala aliweza kuondolewa kijijini kwake na kupelekwa mbali, katika kambi kama ile ya Kasaji, bila kuulizwa sana anaamini nini hasa.

Hapa ndipo dhuluma ya lakabu inapoonekana. Wafuasi wa Russell walichagua jina la Mashahidi wa Yehova mwaka 1931, nao hukataa kabisa kuhesabiwa pamoja na Kitawala. Hata hivyo, machoni pa maofisa wengi, tofauti hiyo haikuwa na uzito. Kwa upande mwingine, zipo jumuiya za Wakongomani ambazo zimelipokea jina hilo na kulichukua kwa fahari, kama kumbukumbu ya mateso ya wazee wao. Neno moja, basi, ni tusi kwa huyu na heshima kwa yule.

4. Mifano miwili ya kulinganisha

Katika Maniema, Waislamu waliotokana na misafara ya Tippu Tip, huko Kasongo na Nyangwe, walijiita Waungwana, yaani watu huru wenye adabu. Wabelgiji waliwaita kwa Kifaransa arabisés, «waliofanywa Waarabu». Neno hilo lilikuwa la kiofisi, halina ukali wa sauti. Lakini lilidai kwamba imani ya Mkongomani Mwislamu ni kitu cha kuazima. Ni dhahiri kwamba dharau haiko katika lugha ya mtaani tu: yaweza kukaa ndani ya faili la serikali.

Jamaa ni kinyume chake. Jumuiya hiyo ya Wakatoliki ilianza karibu na Kolwezi katika miaka ya 1950, ikiongozwa na Padri Placide Tempels. Jina lake si la sherehe; ni neno la kila siku la nyumbani. Walakini halikumvunjia mtu heshima, kwa sababu wenyewe walikuwamo katika kulichagua.

5. Hitimisho

Urasmi wa jina, kwa hiyo, si kipimo cha heshima. Vipimo bora ni vitatu: nani amelitoa jina, limeruhusu mwitwaji atendewe nini, na je, mwitwaji ana nafasi ya kulikataa. Kitawala, kama lilivyotumiwa na ukoloni, lilishindwa katika vyote vitatu, ingawa halina silabi moja ya matusi.

Funzo kwa mtafiti ni wazi. Akikuta Kitawala katika hati ya mwaka 1944, alinukuu kama neno la mwandishi wa hati, asilifanye kuwa ungamo la mshitakiwa. Na akienda kwa walio hai, swali la kwanza liwe hili: ninyi wenyewe mwajiitaje?