Reli ya Makambako na Elimu ya Uhandisi

Msafiri atokaye Njombe akafika Makambako huikuta reli ya TAZARA, na reli hiyo yafaa kusomwa pamoja na historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho kilianza mwaka 1961 kwa masomo ya sheria. Mwaka 1964 kikapata taasisi ya utafiti wa Kiswahili. Uhandisi ulifundishwa Nairobi, chuo ndugu katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki (1963–1970). Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Mlimani mwaka 1973, mwaka uleule ambapo reli, iliyojengwa kwa msaada wa Uchina, ilifika mpaka wa Zambia, ikiwa imekwisha kupita Makambako.

Basi wachunguzi wa maneno waliwatangulia wahandisi kwa miaka tisa. Muda huo, kwa maoni yangu, ulitosha kuwatayarishia msamiati. Lakini darasa likafunguliwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza laendelea. Neno mhandisi, tulilopewa na Waarabu, ambao nao walilitoa katika neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo, husomwa magazetini. Stesheni watu husema injinia. Siku hizi kitivo kile huitwa ndaki, neno ambalo Makambako sijalisikia bado.