Mgeni Aliyebaki Mpala

Sisi wa Salamabila, mgeni tunamjua. Siku hizi wengi huja kwa ajili ya dhahabu ya Namoya. Zamani walikuja kutafuta pembe za ndovu na watu. Njia yao ilitoka Kasongo, ikapita Kabambare, ikashuka mpaka ziwa la Tanganyika. Kutoka hapo watumwa walivushwa maji hadi Ujiji. Babu zetu walijifunza katika njia ile kwamba mgeni ni mtu wa kuchukua. Lakini yuko mmoja aliyefika ziwani miaka ile ile, asiondoke tena.

Mpala iko kando ya ziwa, upande huu wa Kongo. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga boma hapo. Mwaka uliofuata watu wake walimwua mtemi Lusinga, ambaye naye alikuwa mwinda watumwa, wakamkata kichwa. Storms alirudi Ulaya mwaka 1885, na fuvu la Lusinga likapelekwa huko. Boma likaachwa mikononi mwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie.

Katika boma hilo hilo akaingia, mwaka 1887, Léopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1842. Zamani alikuwa askari wa Papa, mpaka Roma ilipotwaliwa mwaka 1870. Hakuwa padri wala bruda, wala hakutumwa na serikali. Alijitolea mwenyewe.

Watu waliowakimbia watekaji wakakusanyika karibu na misioni. Kapiteni akawafundisha vijana kulinda vijiji, usiku na mchana, ili mama aweze kwenda shambani na kurudi. Mwaka 1888 akaoa mwanamke wa huko, akajenga kwake Mrumbi. Kasongo ilianguka mbele ya majeshi ya Leopold wa Pili mwaka 1893, na Kabambare mwaka 1894. Vita vya watumwa vikaisha. Hapo mtu wa bunduki angeweza kufunga mizigo yake, wala hakuna ambaye angemlaumu. Joubert hakufunga. Alizeeka kati ya jirani zake, akamwona Stefano Kaoze, mtoto wa nchi ile, akipewa upadri mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo ya siku hizo. Alikufa Misembe, karibu na Moba, mwaka 1927.

Tusimsifu kupita kiasi. Alikuja na silaha, akatawala na kuamua kesi za watu ambao hawakumchagua. Tena, waliokesha pamoja naye penye maboma walikuwa wana wa nchi, na majina yao machache tu yameandikwa. Bila wao Kapiteni asingemaliza hata mwaka mmoja.

Ng'ambo ya ziwa, Karema, alikuwako mwingine, na mimi binafsi huyu ndiye ninayemstaajabia zaidi. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni na kuuzwa. Mapadri Weupe walimkomboa, wakampeleka Malta kusomea uganga. Mwaka 1889 akafika Karema, katika nchi asiyoijua lugha yake, akawa mganga na katekista. Akaoa huko. Wagonjwa wa ziwani walimwendea yeye, aliyepita mwenyewe katika njia ya watumwa, kwa muda wa miaka sitini na saba, mpaka alipofariki pale pale Karema mwaka 1956.