Meno 32

Mtu mzima mwenye bahati ana meno 32 mdomoni. Idadi hiyohiyo utaikuta mara nyingi kwenye sproketi ya mbele ya baiskeli ya milimani ya siku hizi, ile yenye shokapu mbele na nyuma. Sproketi yenyewe ni moja tu, wakati miaka ya 1990 zilikuwa tatu. Wengi husema mafundi walipunguza ili kurahisisha mambo. Mimi nakubali nusu tu ya maelezo hayo.

Ugomvi wa gia ni wa zamani kuliko baiskeli za milimani. Huko Saint-Étienne, Ufaransa, Paul de Vivie, aliyejiita Vélocio, alilitumia jarida lake la Le Cycliste kuhubiri gia nyingi kama mlokole. Upande wa pili alikuwa Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, ambaye kwake gia zilikuwa kimbilio la wanyonge. Vihamisha cheni havikuruhusiwa kwa wakali wa mashindano hayo hadi 1937. Kabla ya hapo mtu alifika chini ya mlima, akashuka, akafungua gurudumu la nyuma na kuligeuza, maana lilikuwa na sproketi pande zote mbili. Vélocio alifariki 1930, hakuiona siku ya ushindi wake.

Halafu California. Mwaka 1976 vijana wa Marin walianza kushindana kushuka mteremko walioubatiza Repack. Baiskeli zao zilikuwa za zamani, nzito, nyingi za gia moja, na breki ya kupiga pedali kinyume. Grisi ya breki iliungua mpaka ikatoa moshi, ukifika chini sharti upake upya, na jina likatoka hapo. Kushuka, sawa. Lakini kupanda? Gary Fisher na wenzake wakafunga vihamisha cheni, na baada ya muda sproketi tatu za mbele zikawa desturi.

Sasa hapa ndipo penye utamu, na ndipo wasimulizi wengi wanapopita mbio. Shokapu ya nyuma ilipokuja, gurudumu la nyuma likawa linapanda na kushuka kwenye egemeo. Unapokanyaga pedali, cheni inavuta gurudumu hilo. Fundi akiliweka egemeo mahali sahihi, mvuto huo unaizuia baiskeli isidundedunde kila unapokanyaga. Mahali sahihi kunategemea cheni inapita kwa kimo gani. Sproketi ya meno 22 ina nusu kipenyo cha kama milimita 44. Ya meno 44 ina mara mbili yake. Kwa hiyo kila ukibadili gia ya mbele, kimo cha cheni kinahama zaidi ya sentimita 4, na hesabu yote ya fundi inavurugika! Kwenye sproketi ndogo pedali zinakurudisha miguu ukigonga jiwe. Kwenye kubwa baiskeli inabonyea kama godoro. Fundi alikuwa anamtumikia bwana watatu kwa egemeo moja.

Mwaka 2012 SRAM walitoa XX1: sproketi moja mbele, 11 nyuma, kuanzia meno 10 hadi 42. Cheni ilizuiwa isiruke kwa ujanja mdogo ninaoupenda mno. Nafasi za cheni hupishana, nyembamba na pana; basi wakachonga jino jembamba, jino nene, zamu kwa zamu. Ndiyo maana sproketi ya namna hiyo huwa na meno ya idadi shufwa.

Shimano hawakukurupuka. XTR yao ya 2014 iliuzwa ikiwa na sproketi moja, mbili au tatu, mteja achague. Mwaka 2016 SRAM wakafika meno 50 nyuma, na Nino Schurter akachukua dhahabu ya Olimpiki Rio kwa sproketi moja, juu ya baiskeli yenye shokapu mbili.

Piga hesabu mwenyewe. 22 kwa 34 ya zamani ni 0.65, 32 kwa 50 ni 0.64. Mlima hakupoteza mtu. Kilichopotea ni mwendo wa juu kabisa: zamani 44 kwa 11 ilikupa 4, sasa 32 kwa 10 inakupa 3.2. Ukiwa barabarani utajikuta unazungusha miguu bure.

Kwa hiyo urahisi uko mkononi mwa mwendeshaji tu. Ugumu wenyewe umehamia nyuma, kwenye kaseti pana kama sahani ya ubwabwa na kihamisha cheni kirefu kinachoning'inia karibu na mawe. Ukikivunja, mfuko utalia.

Sproketi mbili zilipoondoka, wachoraji waliitumia nafasi iliyobaki: egemeo likapanuliwa, tairi ikanenepa, gurudumu la nyuma likasogezwa mbele. Fremu nyingi za leo hazina hata mahali pa kufunga kihamisha cheni cha mbele. Desgrange alihitaji kanuni kuwazuia watu gia. Hapa mwenye kutaka sproketi yake ya pili atakuta hakuna tundu la skrubu.