Mlo wa Kwashemshi: Historia ya Chakula na Kinywaji Chini ya Usambara

Kwashemshi ni kata ya wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, katika ukanda wa mashamba ya mkonge ulio chini ya milima ya Usambara. Mlo wake hauna udugu wa karibu na ule wa hoteli za ufukweni za Pangani, ambako mgeni huandaliwa pweza, kamba na samaki wa kuchoma. Huku bara chakula kilitokana na biashara ya kale baina ya mlima na nyika, na njaa zilizoipiga Uzigua, na wafanyakazi wa mkonge waliotoka pande nyingi za nchi. Ni chakula cha wenyeji kwelikweli, lakini hakuna kabila linaloweza kukidai kuwa chake peke yake.

Wasambaa walitenganisha Shambaai, nchi ya juu yenye mvua na baridi, na nyika, tambarare yenye joto na ukame. Juu chakula kikuu kilikuwa ndizi. Chini watu walilima mtama, na baadaye mahindi na muhogo, mazao yaliyoingia Afrika kutoka Amerika. Familia nyingi za kingo za mlima zilikuwa na mashamba pande zote mbili, ili mvua ikikosekana nyikani, migomba iwaokoe. Ndizi, maharage na tumbaku vilishuka. Chumvi, nyama na mifugo vikapanda.

Hata simulizi ya kuanzishwa kwa ufalme wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, inahusu chakula. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Nguu, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Kilindi. Aliwaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu wa mlimani nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Kutokana na ukarimu huo akafanywa mtawala, na Vugha ikawa makao makuu ya ukoo wake. Abdallah bin Hemedi aliiandika simulizi hiyo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi. Nyama ya nguruwe iliyomo humo wengi hawaili tena, kwa kuwa Uislamu umeenea sana katika eneo hili.

Upande wa Handeni, katika Uzigua, mvua ni haba zaidi, na njaa imeacha alama nzito. Katika miaka ya 1830 Wazigua wengi walijikuta utumwani kwa sababu ya njaa, wakavushwa bahari hadi Somalia. Wazao wao waliishi kando ya mto Juba wakiendelea kusema Kizigua, na baadhi yao walirejea kama wakimbizi na kupewa makazi Chogo, Handeni, mwaka 2003. Katika miaka ya 1890 nzige na vifo vya ng'ombe vilileta njaa nyingine. Baadaye serikali ya Waingereza ilihimiza kilimo cha muhogo, zao linalovumilia ukame na linaloweza kubaki ardhini hadi lihitajike. Muhogo humenywa, hukatwa na kuanikwa juani uwe makopa, kisha hutwangwa na kuchekechwa. Unga wake ndio hupikwa bada, ugali unaopendwa na Wazigua, Wabondei na Wadigo.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, na mwaka 1902 reli ikafika Korogwe. Mashamba yakaenea kandokando yake, na kwa kuwa wenyeji wengi walipendelea kulima mashamba yao, wenye mashamba ya mkonge walileta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mbali: Wanyamwezi, Wasukuma, Wahehe, Wabena, Waha na wengineo. Wafanyakazi hawa walilipwa kwa kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi, na kupewa posho, hasa unga wa mahindi na maharage. Ugali wa sembe na makande, yaani mahindi yaliyochemshwa pamoja na maharage, vikawa chakula cha kambi zote, kabila lolote liwalo.

Posho ilishibisha bila kukamilisha mlo, na pengo hilo lilizibwa na wanawake. Waliokota mchunga, mnavu na mlenda mashambani na njiani, wakatwanga kisamvu na kukiunga kwa nazi iliyotoka pwani au kwa karanga. Kitoweo kilikuwa dagaa, samaki wa kukausha, na kambale au perege wa mto Pangani. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa juu ya mto huo katika miaka ya 1960, liliongeza perege wa kukaushwa katika masoko ya ukanda huu.

Vinywaji vina historia ya namna hiyohiyo. Kinywaji cha heshima cha Wasambaa ni boha, pombe ya miwa iliyokamuliwa na kuchachushwa, ambayo ilikuwa na nafasi yake katika posa, mahari na matambiko. Kambini pombe ya nafaka ilienea, na upishi wake ukawapa wanawake wengi fedha zao wenyewe. Wasiotumia kileo walikunywa togwa, na chai ya rangi kwa maandazi au muhogo wa kuchemsha ikawa kifungua kinywa cha kila siku.

Uzalishaji wa mkonge Tanzania ulifikia kilele mwaka 1964, takribani tani 230,000. Kisha kamba za plastiki zikaangusha bei, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Mengine yaligeuka vichaka, na waliokuwa vibarua wakalima mahindi, muhogo na kunde kwenye ardhi hiyo. Mkonge uliporudi kwa nguvu kupitia wakulima wadogo, wengi wao walipanda mahindi na kunde katikati ya mistari ya mkonge mchanga. Shamba lililokuwa likiagiza posho likaanza kutoa chakula.

Mlo huo leo hupatikana kwa mama lishe na katika magulio kuliko hotelini, nao hufuata msimu. Wakati wa masika mboga za majani ni tele na bei yake ni ndogo. Mavuno yakikaribia huja mahindi mabichi ya kuchoma na kunde mpya, na kiangazi kikikaza, makopa na samaki wakavu hushika nafasi. Ndizi za mlimani hushuka karibu mwaka mzima. Bada huuzwa kwa nadra, kwa kuwa wateja wengi wa barabarani huagiza wali au ugali wa sembe. Huliwa zaidi majumbani. Boha nayo haina duka: hutengenezwa panapokuwa na shughuli, na mgeni huionja kwa kualikwa.