Meli ya watalii ilivyozaa viza ya Schengen

Juni 14, 2025, kijiji cha Schengen, kusini mashariki mwa Luxembourg, kilijaa mawaziri, makamishna na wapiga picha waliokwenda kuadhimisha miaka 40 ya makubaliano yaliyokipa kijiji hicho jina duniani. Makumbusho yake yalikuwa yamekarabatiwa. Ukingoni mwa Mto Moselle ilikuwa imefungwa meli ya Princesse Marie-Astrid, ile ile ambayo makubaliano yalitiwa saini ndani yake mwaka 1985. Meli hiyo iliuzwa zamani, ikapitia mikono ya watu wengine, hadi Luxembourg ilipoamua kuirudisha nyumbani kwa ajili ya sherehe hizo.

Siku hiyo ilisifiwa sana neema ya kuvuka mpaka bila kuulizwa pasipoti. Mtanzania, Mkenya au Mkongo aliyewahi kuomba viza ya kwenda Ulaya ana kumbukumbu tofauti ya jina hilo: fomu, taarifa ya benki, barua ya mwajiri, bima, alama za vidole, kisha kusubiri. Mambo hayo mawili yalitoka kwenye karatasi moja, na waliochochea karatasi hiyo iandikwe walikuwa madereva wa malori.

Februari 1984, maofisa wa forodha wa Italia na Ufaransa waligoma, wengine wakafanya kazi kwa kusuasua makusudi. Malori yakakwama kwenye milima ya Alpi, hasa karibu na handaki la Mont Blanc, katikati ya baridi na msimu wa likizo za watalii. Madereva walivumilia siku kadhaa, kisha wakaegesha malori yao katikati ya barabara. Mgomo ukasambaa na kuziba njia kuu za Ufaransa, na serikali ya Paris ikajikuta imebanwa na watu ambao kosa lao pekee lilikuwa kubeba mizigo ya wenzao.

Rais François Mitterrand wa Ufaransa na Kansela Helmut Kohl wa Ujerumani Magharibi walielewa haraka. Julai 13 mwaka huo huo, nchi zao zilitia saini makubaliano mjini Saarbrücken ya kupunguza ukaguzi kwenye mpaka wao. Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, zilizokuwa zimeacha kukaguana watu mipakani tangu mwaka 1960, zikaomba kuingizwa. Mazungumzo yakaanza, nchi tano kati ya kumi zilizokuwa kwenye Jumuiya ya Ulaya. Nyingine hazikutaka, au hazikutakiwa bado.

Hapa ndipo anapoingia Robert Goebbels, mwandishi wa habari aliyegeuka mwanasiasa, ambaye wakati huo alikuwa naibu katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Luxembourg. Sehemu kubwa ya hadithi ya siku ya kutia saini tunaijua kutoka kwake, maana ameisimulia mara nyingi katika mahojiano, na kama msimuliaji yeyote mzuri, hakuiacha nchi yake nyuma. Luxembourg ilikuwa na zamu ya uenyekiti wa Benelux, umoja wake na Ubelgiji na Uholanzi, kwa hiyo ilikuwa na haki ya kuchagua mahali pa kukutana. Goebbels akapendekeza Schengen, kijiji cha wakulima wa zabibu chenye watu mia kadhaa, ambacho wenzake wengi hawakuwahi kukisikia.

Sababu yake ilikuwa kwenye ramani. Hapo Luxembourg, Ujerumani na Ufaransa zinakutana. Isitoshe, kwenye kipande hicho Mto Moselle haukukatwa katikati kama mito mingi ya mipakani. Luxembourg na Ujerumani zinaumiliki kwa pamoja tangu mikataba iliyofuata Mkutano wa Vienna, karne ya kumi na tisa mwanzoni. Ukielea juu ya maji hayo uko katika nchi mbili kwa wakati mmoja, na hatua chache kusini Ufaransa inaanza. Kwa watu wanaotaka kufuta mipaka, ungetafuta wapi pengine? Kijiji chenyewe hakikuwa na ukumbi wa kupokea ujumbe wa nchi tano, lakini mtoni ilikuwepo meli ya kutembeza watalii iliyopewa jina la binti wa mtawala wa nchi.

Waliopanda meli hiyo hawakuwa vigogo. Ufaransa ilimtuma Catherine Lalumière, Ujerumani Waldemar Schreckenberger, Ubelgiji Paul De Keersmaeker, Uholanzi Wim van Eekelen. Manaibu mawaziri, makatibu wa serikali, watu wa daraja la pili. Mawaziri wenyewe hawakuona haja ya kusafiri kwa ajili ya karatasi ambayo wengi walidhani ingeishia kabatini. Na habari kubwa ya dunia Juni 14, 1985 haikuwa yao. Siku hiyo ndege ya shirika la TWA iliyotoka Athens ilitekwa na kupelekwa Beirut, na kwa wiki mbili zilizofuata macho ya ulimwengu yalikuwa huko.

Ukiyasoma makubaliano yenyewe, unaelewa kwa nini hawakuyaogopa. Yana vifungu 33, na vingi vinahusu magari. Magari madogo yapunguze mwendo mpakani, ofisa ayatazame tu yakipita. Kifungu cha tatu kinaeleza kwamba mwenye gari anaweza kubandika kwenye kioo cha mbele duara la kijani lenye kipenyo kisichopungua sentimeta nane, kuonyesha kwamba waliomo ndani wametimiza masharti ya polisi wa mpakani, hawana bidhaa zaidi ya zinazoruhusiwa, na hawavunji sheria za fedha za kigeni. Jambo lenyewe lilikuwa dogo kiasi hicho: stika ya kijani ya sentimeta nane.

Lakini katikati ya stika na mizani ya malori kuna kifungu cha saba. Kinazitaka nchi hizo zijitahidi kukaribianisha sera zao za viza haraka iwezekanavyo, ili kuepuka madhara katika uhamiaji na usalama. Ni sentensi chache tu. Hesabu yake ni rahisi: ukimwondoa askari kati ya Metz, Ufaransa, na Luxembourg, atakayeruhusiwa kushuka Paris ameruhusiwa pia Luxembourg. Kwa hiyo lazima wote wakubaliane nani ashuke. Katika sherehe za mwaka 2025 nilisoma mengi juu ya daraja, mto na mvinyo wa Moselle. Kifungu cha saba sikukiona kikitajwa, ingawa ndicho kinachomgusa mtu aliyeko kwenye foleni Dar es Salaam, Kampala au Kinshasa.

Miaka mitano iliyofuata ilikuwa ya wanasheria. Mkataba wa utekelezaji ulipangwa kutiwa saini Desemba 1989, ukaahirishwa kwa sababu Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka mwezi mmoja kabla na Wajerumani hawakujua mpaka wao wa mashariki ungekuwa wapi. Ulisainiwa Juni 19, 1990, huko huko Schengen. Huu haukuwa mchezo: vifungu 142, viza moja kwa nchi zote, ukomo wa miezi mitatu ndani ya nusu mwaka, na kanzidata ya pamoja ya wasiotakiwa. Machi 26, 1995 vizuizi viliondolewa kati ya nchi ambazo sasa zilikuwa zimefika saba.

Hata hivyo walianza kwa ugomvi. Miezi michache baadaye mabomu yalilipuka Paris, na Ufaransa ikaendelea kukagua mpaka wake na Ubelgiji na Luxembourg, ikisema sera ya Uholanzi kuhusu dawa za kulevya ililegea mno na bidhaa hiyo ilikuwa ikisafiri kwenda kusini kupitia huko. Waholanzi walikasirika. Waluxembourg, ambao hawakuwa na kosa zaidi ya kukaa katikati, wakaendelea kuonyesha vitambulisho kuvuka mpaka ambao wao wenyewe walikuwa wenyeji wa makubaliano ya kuufuta.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1999 Schengen iliingizwa kwenye sheria za Umoja wa Ulaya. Nchi zikaongezeka, Croatia mwaka 2023, kisha Bulgaria na Romania zikakamilisha Januari 2025, jumla 29.

Pembeni kidogo. Januari 2022, madereva wa malori waligoma Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda, wakipinga vipimo vya lazima vya UVIKO-19, na foleni ikanyooka makumi ya kilomita. Uganda ikalegeza masharti, malori yakaondoka, na mjadala ukaishia hapo. Protokali ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu mwaka 2010, na viza ya pamoja ya utalii ipo tangu 2014, dola 100, lakini ni ya Kenya, Uganda na Rwanda tu. Tanzania yenye Serengeti na Zanzibar haimo. Kwetu hasira ya madereva haikumtoa kiongozi yeyote ofisini kwenda kutafuta meli.

Turudi Luxembourg, maana nchi hiyo ndogo, ya kilomita za mraba 2,586, ina upekee ambao mwombaji wa viza anapaswa kuujua. Majirani zake wote watatu wako ndani ya Schengen, na bahari haina. Mpaka wake pekee unaolindwa kwa niaba ya Ulaya ni uwanja wa ndege wa Findel. Ndege za mizigo za Cargolux hutua Nairobi, lakini abiria wa kutoka huku kwa kawaida hupitia Brussels, Frankfurt au Amsterdam, na huko ndiko anakohojiwa. Akipanda treni kutoka Brussels hadi jiji la Luxembourg, huenda asikutane na askari hata mmoja.

Balozi zake barani Afrika ni chache, kwa hiyo katika nchi nyingi viza yake hushughulikiwa na nchi nyingine ya Schengen, mara nyingi Ubelgiji. Ada ilikuwa euro 60 kwa miaka mingi, ikapanda hadi 80 mwaka 2020, na tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima. Ukinyimwa, hairudi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 na ibaki na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Ombi lipelekwe si mapema zaidi ya miezi sita na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Ukiipata, una siku 90 ndani ya kila siku 180. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anahitaji kibali hata cha kupita uwanjani tu akibadilisha ndege. Afrika nzima, waliosamehewa viza ni raia wa Mauritius na Shelisheli peke yao, tangu mwaka 2009.

Tangu Oktoba 12, 2025, muhuri kwenye pasipoti umeanza kuondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na mfumo wa kompyuta unaopiga picha ya uso wa mgeni na kukagua alama zake za vidole anapoingia na kutoka. Siku zako 90 sasa zinahesabiwa na mashine, na mashine haisahau.

Na wenyeji nao wana malalamiko yao. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, Ujerumani ilifunga mpaka huo huo wa Moselle. Septemba 2024 ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, ikitaja wahamiaji na usalama, na Luxembourg imepinga, ikijua kwamba makumi ya maelfu ya wafanyakazi wake hulala Ujerumani na kuvuka kila asubuhi. Kwa hiyo mgeni kutoka Mombasa aliyefika Schengen kuitazama meli, akitaka kuvuka daraja kwenda Perl upande wa pili kunywa kahawa, asiiache pasipoti hotelini.